Vifaa vya kielektroniki vilivyokufa: kwa nini tumkatae anayetulipa na kumfuata anayetutoza?

Karani_wa_Stoo:

Ndugu zangu, naomba ushauri. Nimekabidhiwa kazi ya kusafisha stoo ya ofisi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikipokea kila kifaa kilichoharibika au kupitwa na wakati, bila yeyote kujiuliza mwisho wake utakuwa nini. Humo ndani mna kompyuta za mezani, kompyuta mpakato kadhaa, printa, televisheni moja kubwa ya kichogo, kapu la nyaya na chaja zisizojulikana ni za nini, pamoja na boksi la simu za mkononi. Mojawapo ya simu hizo betri yake imevimba hadi kukibandua kioo kutoka kwenye fremu.

Mapendekezo yaliyopo ni matatu. Wapo wanaosema vyote viende jalalani pamoja na taka nyingine, yaishe. Mkuu wangu wa kazi anapendelea tumwite mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hupima kwa kilo na kulipa papo hapo. Upo pia mradi wa urejelezaji wa taka za kielektroniki, lakini wenyewe hawalipi chochote kwa sehemu kubwa ya vitu hivi, na kwa ile televisheni wanataka tuchangie gharama. Mkuu ameniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: ikiwa wote wawili mwishowe wanatoa shaba na chuma humo humo, kwa nini tumkatae anayetulipa na kumfuata anayetutoza?

Swali la pili linahusu taarifa za wateja wetu zilizobaki kwenye kompyuta. Nimeshafuta mafaili yote niliyoyaona na kuyaondoa kwenye pipa la taka la kompyuta. Je, inatosha?

---

Fundi_Bodi:

Ndugu Karani, kabla ya kujadili nani apewe nini, shughulikia hiyo simu iliyovimba, kwa kuwa katika orodha yako yote ndiyo pekee isiyoweza kusubiri. Betri ya lithiamu huvimba pale kimiminika kilichomo ndani yake kinapoharibika na kutoa gesi, na gesi hiyo ikakosa pa kutokea. Kati ya upande chanya na upande hasi wa betri hiyo kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko karatasi. Utando ukichanika kwa kubanwa, kupinda au kuchomwa na ncha ya bisibisi, pande hizo mbili hugusana, joto hupanda ghafla, na joto hilo huzalisha joto jingine hadi betri iwake. Moto wake hutoa moshi wenye sumu, na unaweza kuwaka tena baada ya kudhaniwa umezimika.

Kwa hiyo usiichaji, usijaribu kukirudisha kioo mahali pake kwa kukikandamiza, na usikubali mtu akuambie uitoboe ili gesi itoke. Iweke simu nzima ndani ya ndoo au debe la chuma lenye mchanga mkavu, mbali na karatasi na mahali wanapokaa watu, kisha uwaarifu wanaoipokea kwamba betri imevimba ili waje na chombo chao. Hii pia ndiyo sababu ya kwanza ya kutozipeleka betri jalalani: magari ya taka hushindilia mzigo ili uenee, na betri nzima isiyo na kasoro yoyote inaweza kupasuliwa humo na kuwasha gari zima. Betri nyingine zilizolegea hapo stoo zizibe ncha zake kwa utepe wa plastiki, kila moja peke yake.

Kuhusu data, jibu fupi ni kwamba haitoshi. Unapofuta faili kwenye diski ya kuzunguka, kompyuta huondoa tu kumbukumbu ya mahali faili lilipo, na yaliyomo hubaki pale pale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Mtu mwenye programu ya kawaida ya kurejesha mafaili atayapata. Kinachotakiwa ni kuiandika diski nzima upya kwa sufuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa diski za kisasa mara moja inatosha, na hadithi za kurudia mara saba au zaidi zimetokana na teknolojia ya zamani. Diski zisizo na sehemu zinazozunguka zina tabia tofauti, kwa sababu zenyewe huhamisha data kutoka sehemu moja kwenda nyingine bila kuiambia kompyuta. Hizo zinafutwa kwa amri maalumu iliyowekwa na mtengenezaji. Diski iliyokufa kabisa, isiyoweza kuandikwa wala kusomwa, itoboe kwa keekee katika sehemu kadhaa hadi sahani za ndani zitoboke.

Simu janja za miaka ya karibuni ni rahisi zaidi, kwa kuwa data yake husimbwa, yaani hugeuzwa fumbo, muda wote, na ukiirudisha simu katika hali ya kiwandani ufunguo wa kuisoma hupotea. Hata hivyo, toa kwanza akaunti ya mwenye simu, laini na memori kadi. Simu iliyobaki imefungwa kwa akaunti ya mtu ni nzima lakini haina kazi kwa yeyote atakayeipokea, na nimeona nyingi zikiishia kuvunjwavunjwa kwa sababu hiyo tu. Zichunguze pia hizo printa: zile kubwa zinazotoa nakala mara nyingi zina diski ndani, inayohifadhi picha za nyaraka zilizopita humo.

---

Mwalimu_wa_Kemia:

Fundi ameeleza vizuri. Mimi nitaligusa swali la mkuu wako kwa upande wa kilichomo ndani ya vifaa hivyo, maana neno "chuma chakavu" linafunika mengi yasiyo chuma.

Kioo cha nyuma cha televisheni ya kichogo kina oksidi ya risasi inayofikia karibu robo ya uzito wake, iliyowekwa humo kwa makusudi ili kumkinga mtazamaji dhidi ya mionzi. Kompyuta mpakato na skrini bapa za kabla ya taa za LED zilimulikwa kwa mirija myembamba yenye zebaki. Betri za zamani za nikeli zina kadimiamu. Lehemu iliyoshikilia vipande kwenye bodi za zamani ni mchanganyiko wa bati na risasi, na plastiki nyingi za makasha zilitiwa kemikali za bromini ili zisishike moto kwa urahisi. Vyote hivi ni salama kwa kiasi kikubwa madhali kifaa ni kizima na kimefungwa. Hatari huanza siku kinapovunjwa, na namna kinavyovunjwa ndiyo inayotofautisha wapokeaji wako wawili.

Chukua waya wa kawaida wa umeme. Ndani kuna shaba na nje kuna plastiki yenye klorini. Njia ya haraka ya kuipata shaba ni kuuchoma waya kwenye moto wa wazi, na bahati mbaya ni kwamba shaba yenyewe huchochea mmenyuko unaoigeuza klorini ile kuwa dioksini, ambazo ni miongoni mwa sumu kali zinazojulikana na ambazo hukaa kwenye udongo na katika mafuta ya mwili kwa miaka. Yuleyule anayeuchoma waya angeweza kuupitisha kwenye mashine ndogo ya kumenya na kupata shaba safi zaidi, yenye bei nzuri zaidi, bila moshi. Anachokosa aghalabu ni mashine hiyo, na wala si akili.

Kwa bodi hali ni mbaya zaidi. Dhahabu iliyo juu ya viunganishi huyeyushwa kwa mchanganyiko wa tindikali za naitriki na haidrokloriki, au kwa sianidi, ndani ya ndoo, pasipo barakoa wala glavu, na maji yanayobaki humwagwa palipo karibu. Mji wa Guiyu nchini China ulijulikana duniani kote kwa kazi hiyo, na eneo la Agbogbloshie mjini Accra, Ghana, lilijulikana kwa moshi wa nyaya hadi lilipobomolewa mwaka 2021. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu watoto na taka za kielektroniki, likaonya kwamba watoto na wajawazito ndio walio hatarini zaidi. Mtoto hufyonza risasi kwa kiwango kikubwa kuliko mtu mzima, hucheza karibu na vumbi na hupeleka mikono mdomoni, na hadi leo hakijajulikana kiwango cha risasi katika damu kisicho na madhara kwa ubongo unaokua.

Nimalizie kwa tahadhari moja: siwalaumu wakusanyaji wa vyuma chakavu. Kwa kukusanya, hakuna anayewafikia. Wanapita kila mahali na hawaachi kitu. Tatizo langu ni hatua inayofuata.

---

Mdadisi:

Mwalimu, nakubaliana nawe kuhusu kemia, lakini naona tunawaamini mno hao wanaojiita warejelezaji. Kuna kampuni ambazo kazi yake ni kukusanya vifaa kwa nembo ya kijani, kuvipakia kwenye makontena na kuvisafirisha kwa jina la bidhaa za mitumba, hadi vifike palepale pa ndoo na tindikali. Karani akishavitoa mlangoni, atajuaje vimekwenda wapi? Pili, mnunuzi wa vyuma chakavu anajipatia riziki yake, naye akikoseshwa mzigo anakoseshwa mlo. Nisingependa tuzungumze kana kwamba usafi wa mazingira haumgharimu mtu.

---

Msimamizi_Karakana:

Ndugu Mdadisi, maswali yako yote mawili ni halali, na kwa kuwa ninafanya kazi katika karakana ya kuvunja vifaa hivi nitayajibu pamoja na la mkuu wa Karani, kwa sababu yote yanaishia kwenye hesabu moja.

Kifaa cha kielektroniki ni mzigo wenye sehemu zinazolipa na sehemu zinazodai. Bodi, nyaya na viunzi vya alumini vinalipa. Kioo chenye risasi, plastiki yenye bromini, taa zenye zebaki, wino wa unga wa printa na gesi za majokofu vinadai, yaani lazima utoe fedha ili mtu avipokee na kuviteketeza au kuvizika inavyotakiwa. Mrejelezaji wa kweli hutumia faida ya sehemu za kwanza kugharamia za pili, na pale faida isipotosha ndipo anapokuomba uchangie, kama ulivyoombwa kwa ile televisheni. Mnunuzi anayekulipa kwa kilo bila kubagua amefanya hesabu nusu: amechukua kinacholipa, na kinachodai kitabaki kwenye mtaro au kwenye moto wa jirani. Fedha aliyokupa mkononi ni ile ambayo ingegharimia kioo. Mueleze mkuu wako hivyo.

Kwamba bodi zina utajiri si porojo. Mwamba wenye gramu tano za dhahabu kwa tani huchimbwa kwa furaha, ilhali tani moja ya bodi za simu ina mamia ya gramu, pamoja na madini ya fedha, paladi (madini mengine ya thamani) na shaba tele. Medali zote za Michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya Tokyo zilitengenezwa kwa madini yaliyotoka kwenye vifaa vilivyochangwa na wananchi wa Japani kati ya 2017 na 2019: takriban tani 78,985 za vifaa vidogo, zikiwemo simu zipatazo milioni 6.21, zilitoa kilo 32 za dhahabu, kilo 3,500 za fedha na kilo 2,200 za shaba nyeusi. (Medali ya dhahabu, kwa asiyejua, ni ya fedha iliyopakwa dhahabu, ndiyo maana kilo 32 zilitosha.) Lakini kuitoa dhahabu hiyo yote bila kuchafua kunahitaji tanuri kubwa la kuyeyushia shaba lenye mitambo ya kusafisha moshi, na matanuri ya namna hiyo ni machache, Hoboken nchini Ubelgiji na Rönnskär nchini Sweden ni mifano inayojulikana katika kazi yetu. Sisi karakana tunavunja kwa mikono, tunatenganisha, tunapanga kwa madaraja, kisha bodi zinasafiri. Anayekwambia kwamba anatoa dhahabu uani kwake anapoteza sehemu kubwa ya dhahabu hiyo pamoja na mapafu yake.

Hapo ndipo swali lako la makontena linapoingia. Mkataba wa Basel, uliopitishwa mwaka 1989 na kuanza kutumika 1992, unataka taka hatarishi zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kuridhia kwa maandishi. Kwa muda mrefu wajanja walijificha nyuma ya madai kwamba mzigo wao hauna sumu, na pengo hilo limezibwa na marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, ambayo yameziweka taka zote za kielektroniki, hatarishi na zisizo hatarishi, chini ya utaratibu huohuo wa ridhaa. Kwa hiyo usafirishaji wa bodi kwenda kwenye tanuri una makaratasi. Karani anaweza kuomba kuyaona.

Mimi ningemhoji mpokeaji hivi. Ningemwuliza kioo cha televisheni anakipeleka wapi, wala nisingeuliza habari za dhahabu, kwa sababu kila mtu anajua pa kupeleka dhahabu. Ningemwuliza nani huchukua betri na plastiki yenye bromini. Ningeomba kupita ndani nione mahali pa kazi, na ningetazama kama wafanyakazi wana barakoa na kama sakafu ni ya saruji. Mwisho ningedai hati inayotaja idadi ya vifaa na diski zilizoharibiwa kwa namba zake. Asiyeweza kujibu la kioo, mengine hayana haja ya kuulizwa.

Kuhusu riziki ya wakusanyaji, naungana nawe. Kwetu wao ndio wanaoleta mzigo mkubwa kuliko ofisi zote. Tunachowaomba ni walete kifaa kikiwa kizima, na tunawalipa zaidi kwa kifaa kizima kuliko kwa shaba iliyong'olewa. Bei ikiwa hivyo, moto hauna faida kwao. Tatizo ni kwamba fedha ya kufanya hivyo haiwezi kutoka kwenye dhahabu peke yake. Uswisi iliweka kanuni zake mwaka 1998, Umoja wa Ulaya ukafuata kwa agizo la mwaka 2002, kwa wazo kwamba anayetengeneza au kuingiza kifaa sokoni achangie mapema gharama ya kukizika. Mahali pasipo na utaratibu huo gharama humwangukia wa mwisho kukishika. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki kwa makadirio ya taasisi za Umoja wa Mataifa, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo zilikuwa asilimia 22.3 tu. Hizo nyingine ziko kwenye stoo kama ya Karani, au zimeshakwenda kwa njia ambazo Mwalimu amezieleza.

---

Mama_Mtandao:

Wanangu, mmezungumzia namna ya kuvivunja kana kwamba vyote vimekufa. Sehemu kubwa ya nishati na madini yanayotumika katika maisha yote ya simu au kompyuta mpakato hutumika kabla haijatoka kiwandani, na urejelezaji hata ukiwa bora namna gani haurudishi nishati hiyo, wala haurudishi kila madini. Yale adimu yaliyomo kwenye sumaku za spika na diski karibu yote hupotea. Mwaka mmoja zaidi wa matumizi una faida kuliko kilo nyingi za bodi zilizoyeyushwa vizuri.

Karani, waite mafundi wazijaribu hizo kompyuta za mezani kwanza. Nyingi hutupwa kwa sababu ni nzito kufunguka, na ugonjwa huo hupona kwa kubadilisha diski ya kuzunguka na kuongeza kumbukumbu. Nyingine zimeachwa kwa sababu Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine hazikidhi masharti ya toleo linalofuata. Hizo hupokea Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, na kuendelea na kazi za kuandika na kuvinjari bila shida.

Ila jihadharini na ukarimu wa uongo. Kifaa kisichowaka, au kinachowaka lakini hakina chaja yake, kikitolewa kama msaada kwa shule ni taka iliyohamishwa tu kwenda kwa mtu mwenye uwezo mdogo zaidi wa kuiondoa.

---

Karani_wa_Stoo:

Nawashukuru nyote kwa kunitolea muda. Simu iliyovimba iko kwenye debe la mchanga nje ya jengo, chini ya paa. Mkuu ameyasoma maelezo ya Msimamizi na amekubali tuwahoji hao warejelezaji kuhusu kioo kabla ya lolote. Kompyuta nne zimewaka zilipojaribiwa, nazo tutazibakiza.

Limebaki moja. Kuna kijana wa hapa ofisini aliyejitolea kuifungua televisheni ya kichogo ili atoe ile shaba ya nyuma, halafu kasha na kioo ndivyo viende kwa warejelezaji. Je, kuna ubaya?

---

Fundi_Bodi:

Upo, Ndugu Karani, na mkubwa. Ndani ya televisheni ile kuna kapasita na bomba la kioo ambavyo huweza kubaki na umeme wa volti nyingi hata baada ya kuchomolewa ukutani, na mtu asiyejua kuutoa umeme huo anaweza kurushwa vibaya. Bomba lenyewe halina hewa ndani. Shingo yake nyembamba, ambapo ile shaba imezungushiwa, ndiyo sehemu inayovunjika kwa urahisi kuliko zote, na likivunjika kwa nguvu vipande huruka. Pamoja na hivyo kuna unga unaong'aa uliopakwa nyuma ya kioo cha mbele, ambao haufai kuvutwa puani.

---

Msimamizi_Karakana:

Naongezea la upande wetu: televisheni iliyong'olewa shaba tunaipokea kwa gharama kubwa zaidi, kwa sababu ile shaba ndiyo iliyokuwa ikipunguza mchango wenu. Ileteni nzima. Ibebwe na watu wawili, kioo kikielekea kifuani kwa mmoja wao, kwa kuwa uzito wote uko mbele. Garini ilazeni kifudifudi juu ya blanketi ili kichogo kitazame juu, na msiweke kitu chochote juu yake. Lile debe la mchanga lisafiri peke yake, si katika gari hilo.